Nani Amfundishe Mwokoaji? Historia Ndefu ya Swali Lililochelewa Kuulizwa

Tarehe 1 Julai 1895, katika mitambo ya kusukuma maji taka ya East Ham, mashariki mwa London, mfanyakazi mmoja aliteremka shimoni kwa kazi ya kawaida na hewa ya humo ikamwangusha. Wenzake waliokuwa juu hawakungoja. Walishuka kumfuata, na siku hiyo walikufa watu watano: mmoja akiwa kazini, wanne wakijaribu kumtoa. Miaka mitano baadaye ukuta wa kumbukumbu uliobuniwa na mchoraji George Frederic Watts ulifunguliwa katika bustani ya Postman's Park jijini humo, ili kuwaenzi watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Majina ya wale wanne wa East Ham yamo katika kimojawapo cha vibao vyake vya vigae, na anayepita bustanini hadi leo anaweza kuyasoma.

Mtu aliyeuchunguza mkasa huo kwa jicho la sayansi alikuwa John Scott Haldane, mwanafiziolojia kutoka Scotland. Aliitaja gesi ya haidrojeni salfaidi kuwa ndiyo muuaji. Gesi hiyo hutokana na uchafu unaooza, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini ya shimo. Ikiwa kidogo, hunuka kama yai viza. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa kabla haijamuua mwenye pua, hata mtu akadhani kwamba hatari imeondoka. Asiyefundishwa jambo hilo hawezi kulijua kwa ujasiri wala kwa upendo alionao kwa mwenzake.

Afrika Mashariki mkasa wa namna hii haujawahi kuwa habari ya ng'ambo. Kijana huteremka kisimani kuichukua ndoo au pampu, au chooni kuichukua simu iliyodondoka. Anyamazapo, ndugu yake humfuata, kisha jirani. Magazeti ya Kenya, Uganda na Tanzania yameripoti vifo vya kufuatana vya aina hiyo mara nyingi mno, na karibu kila mara wa pili na wa tatu walikuwa watu wazima wenye akili timamu, waliofanya kile ambacho moyo wa binadamu humtuma kufanya. Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya mkufunzi wa uokoaji katika maeneo finyu, yaani matangi, mashimo, chemba za maji taka, maghala ya nafaka na mahandaki. Anapaswa kumfundisha mtu kutotii msukumo wa kwanza wa moyo wake.

Kwa zaidi ya karne moja sheria za kazi zimekuwa zikiuliza kama mwokoaji amefundishwa. Swali la pili, kwamba ni nani aliyemfundisha na alipata wapi haki ya kufundisha, liliachwa nyuma kwa miaka mingi, na kuchelewa huko kumegharimu maisha.

Vifaa vilitangulia walimu. Mwaka 1878 Mwingereza Henry Fleuss alipata hataza ya kifaa cha kupumulia kilichobeba oksijeni yake chenyewe, bila mpira wa hewa kutoka juu. Mwaka uliofuata handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya mto Severn lilifurika, na mwaka 1880 ilibidi mtu apite ndani ya maji na giza hadi kwenye mlango wa chuma uliokuwa umeachwa wazi. Fleuss mwenyewe alijaribu akarudi. Mzamiaji Alexander Lambert, aliyeizoea kazi ya majini lakini si kifaa hicho, ndiye aliyekivaa akaenda. Safari ya kwanza haikufanikiwa. Safari ya pili aliufunga mlango. Historia huutaja ushujaa wa Lambert na ubunifu wa Fleuss, lakini tukio hilo linasema jambo jingine pia: anayekijua kifaa na anayeijua kazi waweza kuwa watu wawili tofauti, na mkufunzi mwema ni yule anayeyabeba yote mawili.

Migodi ya makaa ya mawe ndiyo iliyolazimisha ualimu huo uzaliwe. Mwaka 1896 Haldane alichunguza miili ya wachimbaji waliokufa katika mlipuko wa Tylorstown, Wales ya Kusini. Alionyesha kwamba wengi wao hawakuuawa na moto wala na kishindo, bali na kaboni monoksaidi iliyobaki baada ya mlipuko. Maana yake ilikuwa nzito: baadhi yao walikuwa hai mlipuko ulipokwisha, na wangeweza kuokolewa na watu wenye hewa yao wenyewe. Ni Haldane huyu aliyependekeza wanyama wadogo wapelekwe mgodini kama kengele ya hatari, kwa kuwa ndege mdogo huzidiwa na gesi mapema kuliko mtu. Kanari walitumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986. Haldane pia alizivuta gesi hizo yeye mwenyewe katika maabara ili apime zinavyomlemea binadamu.

Mwaka 1902 wenye migodi wa Yorkshire walijenga kituo cha uokoaji huko Tankersley, karibu na Barnsley, kituo cha kwanza cha aina yake Uingereza. Vituo vilivyofuata, kama kile cha Howe Bridge huko Lancashire mwaka 1908, vilikuwa na njia za bandia za mgodi. Wanafunzi walitambaa humo katika joto na moshi, wamevaa vifaa vyao, huku mwalimu akiwatazama. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa usio na hataza: mahali pa kukosea bila kufa.

Kisha ikaja Courrières. Tarehe 10 Machi 1906 mlipuko wa vumbi la makaa ulipita katika mahandaki ya mgodi huo wa kaskazini mwa Ufaransa na kuua watu 1,099. Ufaransa haikuwa na kikosi kilichozoezwa kukabili balaa la ukubwa huo. Msaada ulitoka Ujerumani, nchi ambayo Wafaransa walikuwa na kinyongo nayo tangu vita vya 1870. Kikosi cha Westphalia kiliongozwa na mhandisi Georg Albrecht Meyer, aliyekuwa amekijenga katika mgodi wa Shamrock huko Herne na kukizoeza kwa vifaa vya kupumulia. Wajerumani hao hawakuweza kufanya miujiza. Manusura 13 walijitokeza wenyewe siku 20 baada ya mlipuko, na mmoja zaidi siku chache baadaye. Lakini Ulaya nzima iliona tofauti kati ya watu waliojitolea na watu waliofundishwa na kiongozi ambaye naye alishuka pamoja nao. Jina la kampuni ya Dräger ya Ujerumani, iliyotengeneza vifaa vya namna hiyo, likageuka huko Amerika Kaskazini kuwa jina la waokoaji wenyewe wa migodini.

Marekani ilijifunza kwa uchungu wake. Mlipuko wa Monongah, Disemba 1907, uliua watu 362 kwa hesabu rasmi. Mwaka 1909 moto ulishika mgodi wa Cherry, Illinois, na watu 12 waliojitolea waliteremka kwa kizimba mara baada ya mara, wakitoa wenzao. Katika safari ya mwisho ishara za kengele zilimchanganya mwendesha mtambo aliyekuwa juu. Kizimba kikakawia motoni na wote 12 wakafa. Waliokufa Cherry walikuwa 259 kwa jumla. Mtu akitaka kujua kwa nini mafunzo ya leo hutumia saa nyingi kwenye ishara kati ya aliye ndani na aliye nje, aanzie kwenye kengele hiyo.

Idara ya Migodi ya Marekani ilianza kazi Julai 1910, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Joseph A. Holmes. Ilichukua mabehewa ya treni, ikayageuza kuwa shule za uokoaji, ikayapeleka kutoka mji hadi mji wa wachimbaji. Mwezi Oktoba 1911 maelfu walikusanyika Pittsburgh kutazama maonyesho ya uokoaji, na Rais William Howard Taft alikuwa miongoni mwao. Lakini miezi michache kabla ya shangwe hizo, Aprili mwaka huohuo, moto ulizuka katika mgodi mmoja wa Throop, Pennsylvania, na miongoni mwa 73 waliokufa alikuwemo mfanyakazi wa Idara hiyo aliyeliongoza behewa la uokoaji. Mwalimu alikufa akifanya alichokifundisha. Baada ya hapo haikuwezekana tena kudhani kwamba kuwa na kifaa na cheo cha serikali kunatosha.

Miaka mitano baadaye, Julai 1916, gesi ililipuka katika handaki la maji chini ya Ziwa Erie, Cleveland. Waokoaji wa mwanzo waliingia bila kinga ya kufaa na baadhi yao hawakutoka. Aliyeitwa usiku alikuwa Garrett Morgan, mvumbuzi Mmarekani mweusi aliyekuwa na kofia yake ya kukinga moshi. Yeye na kaka yake Frank waliingia na kutoa watu wakiwa hai. Morgan alikuwa ameifanyia kofia hiyo maonyesho ya hadhara kwa miaka kadhaa. Alikwishajua inafanya nini na haifanyi nini kabla ya usiku ule.

Kutoka migodini wazo hilo lilihamia viwandani kupitia sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya uokoaji migodini mwaka 1910, na sheria zake za viwanda, ile ya 1937 na ile ya 1961 iliyoziunganisha zilizotangulia, zikashughulikia mafusho ya hatari ndani ya matangi na mashimo. Sheria ya 1961 ilikwenda hadi kwenye vipimo. Tundu la kuingilia tangi lisipungue inchi 18 kwa urefu na inchi 16 kwa upana, takribani sentimita 46 kwa 41. Iliagiza vifaa vya kupumulia, mikanda na kamba viwepo karibu, na watu wa kutosha wafundishwe na kuzoezwa kuvitumia, pamoja na njia ya kumrudishia mtu pumzi. Ilisahau jambo moja. Ilipima upana wa tundu, haikumpima mwalimu.

Kenya na Tanganyika zilipata sheria zao za viwanda mwaka 1950, zikifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1937. Kwa hiyo zilirithi nguvu ya sheria hiyo na pengo lake kwa pamoja. Urithi huo ulidumu hadi Tanzania ilipopitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Kenya yake ya 2007.

Kilichobadilisha mjadala ni hesabu ya maiti. Agosti 1983, katika kazi za bwawa la Carsington huko Derbyshire, Uingereza, vijana wanne walikufa ndani ya chemba ya ukaguzi. Hapakuwa na kemikali yoyote ya kiwandani. Miamba yenyewe ndiyo iliyotengeneza sumu: asidi iliyotoka kwenye mwamba wenye pairaiti ilikutana na chokaa, ikatoa kaboni dioksaidi, nayo ikaisukuma nje hewa ya kupumua. Miaka mitatu baadaye taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa onyo lililotikisa taaluma nzima: zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu walikuwa watu waliokwenda kuokoa. Uchunguzi wake wa baadaye ulitoa kiwango cha chini zaidi, lakini bado kikubwa kiasi cha kutisha. Ujumbe ulikuwa mmoja: mafunzo mabaya, au kukosa mafunzo, huongeza maiti badala ya kuzipunguza.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekwishajibu sehemu ya swali, ila kwa wachimba migodi pekee. Kanuni za vikosi vya uokoaji migodini za mwaka 1980 zilitaka mkufunzi aidhinishwe na mamlaka ya usalama migodini. Njia mojawapo ya kupata idhini ilikuwa kuonyesha angalau mwaka mmoja wa uzoefu, kama mwanakikosi au mkufunzi wa uokoaji, ndani ya miaka mitano iliyopita. Na mkufunzi aliyekaa miezi 24 bila kufundisha angeweza kunyang'anywa idhini yake. Masharti hayo mawili yana hekima kubwa. La kwanza linakataa mwalimu wa vitabu. La pili linamkataa hata mkongwe aliyeacha kazi, kwa sababu vifaa hubadilika na mikono husahau.

Lakini mchimba makaa alipopata mkufunzi aliyepimwa, fundi wa tangi la mafuta alibaki vilevile. Kanuni ya Marekani ya maeneo finyu viwandani ilichapishwa Januari 1993, na ni mojawapo ya kanuni zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Inaweka mipaka ya oksijeni: chini ya asilimia 19.5 au juu ya 23.5 ni hatari. Inataka mlinzi wa nje asiyeingia ndani kuokoa. Kwa shimo la wima lenye kina kinachozidi futi tano, inataka winchi au mtambo wa kumvuta mtu nje uwepo tayari. Inataka kikosi cha uokoaji kifanye zoezi angalau mara moja kila miezi 12, kwa kutoa sanamu au watu halisi katika maeneo halisi au yanayofanana nayo. Kuhusu mkufunzi inataka saini tu. Cheti cha mafunzo kiwe na jina la mfanyakazi, tarehe, na saini au herufi za jina la aliyefundisha. Sifa zake hazikutajwa.

Pengo hilo lilizaa biashara. Mtu aliyehudhuria kozi ya siku mbili aliweza kurudi na kuanza kuifundisha, akiwa na slaidi zilezile na uhakika uleule, bila kuwahi kuvuta mtu mzito kupitia tundu la sentimita 46. Karatasi zake zilikuwa halali. Mwanafunzi wake aliamini kwamba ameandaliwa, na imani hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana aliyefundishwa vibaya huingia kwa haraka kuliko asiyefundishwa kabisa.

Zimamoto walilitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Chama cha kinga dhidi ya moto cha Marekani, NFPA, kilikuwa na kiwango cha sifa za wakufunzi wa zimamoto, namba 1041, tangu 1976. Kilitofautisha anayefundisha kwa kufuata somo lililoandaliwa, anayeandaa somo mwenyewe, na anayejenga programu nzima. Mwaka 2000 kilikuja kiwango namba 1006, kinachoeleza anachopaswa kuweza mwokoaji mwenyewe katika kamba, mitaro, majengo yaliyoanguka na maeneo finyu. Vikiwekwa pamoja, viwango hivyo viwili vinatoa picha ya mkufunzi kamili: anaimudu kazi, na anaimudu kazi ya kuifundisha. Ni vipawa viwili, na kimoja hakizai kingine.

Australia ndiyo iliyoliandika wazo hilo waziwazi zaidi katika mfumo wa taifa. Katika vyuo vyake vya ufundi vilivyosajiliwa, viwango vya mwaka 2015 vilimtaka mwalimu awe na mambo matatu kwa wakati mmoja: cheti cha ualimu na upimaji wa wanafunzi, umahiri wa fani usiopungua ule anaoufundisha, na ujuzi wa sasa wa kazi yenyewe. Uokoaji katika maeneo finyu ni mojawapo ya masomo yanayofundishwa chini ya mfumo huo. Mtu anaweza kulalamika juu ya wingi wa makaratasi, na wakufunzi wa huko hulalamika, lakini hakuna nafasi ya kusema kwamba swali halikuulizwa.

Uingereza ilipita njia yake yenyewe. Kanuni zake za maeneo finyu za 1997, zilizoanza kazi Januari 1998, zinamkataza mwajiri kumwingiza mtu humo kabla mpango wa dharura wa kufaa haujawekwa. Wakati huohuo migodi ya makaa ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine, hadi mgodi wa mwisho wa kina, Kellingley, ulipofungwa Disemba 2015. Huduma ya uokoaji migodini, mrithi wa Tankersley, haikufa pamoja nayo. Iligeuka kuwa shirika linalofundisha wafanyakazi wa maji taka, viwanda na ujenzi. Ujuzi uliokusanywa kwa karne nzima katika moshi wa njia za bandia ukaenda kumlinda fundi wa mabomba. Ni mojawapo ya mambo mema machache yaliyotoka katika kufa kwa sekta hiyo, na linastahili kusemwa kwa sauti.

Afrika Mashariki sasa inajenga kwa kasi. Kuna mabomba ya mafuta, matangi ya bandarini, viwanda vya saruji na sukari, mitandao mipya ya maji taka katika miji, na migodi ya dhahabu kutoka Geita hadi Migori. Makampuni makubwa huleta wakufunzi wenye vyeti vya ng'ambo. Wakandarasi wadogo hununua cheti cha bei nafuu, na wachimbaji wadogo hawana mkufunzi wa aina yoyote. Wakala wa usalama kazini wa Tanzania na kurugenzi ya Kenya wana mamlaka ya kukagua na kuelekeza. Hatua iliyobaki ni kuweka kiwango cha mkufunzi wa uokoaji huu kinachojulikana kwa kila mwajiri, kinachodai uzoefu wa kweli, uwezo wa kufundisha na kazi ya karibuni. Mifano ipo, na haihitaji kubuniwa upya.

Kabla kiwango hicho hakijaja, afisa usalama anayetia saini ya malipo ya mafunzo ana haki, na kwa hakika ana wajibu, wa kumhoji mkufunzi. Amuulize mara ya mwisho aliingia lini yeye mwenyewe akiwa amevaa kifaa cha kupumulia. Aombe kuona winchi yake na kipimo chake cha gesi, na tarehe kilipopimwa usahihi. Amtake aendeshe zoezi ndani ya tangi au chemba ya kiwanda hichohicho, si katika ukumbi wa hoteli. Mkufunzi anayekataa hilo asilipwe.